Baba mkwe atalala wapi?

BARAZA LA JUMAPILI
Na Bi Zamda

Shule zikikaribia kufungwa, wauza mahema nao huchangamka. Ukifungua simu tu unakutana nalo: hema kubwa la kijani limesimama kwenye majani yaliyofyekwa vizuri, baba, mama na watoto wawili wanacheka mlangoni, na pembeni maandishi makubwa: hema la familia, watu 8. Wengine wanapandisha hadi 12. Familia za mjini zilizoanza kuonja raha ya kulala porini wakati wa likizo zinaagiza na kulipa, halafu maswali yanaanza Mikumi, jua likiwa linazama na mizigo ikiwa chini.

Swali la kwanza liulizwe nyumbani, pesa ikiwa bado mfukoni. Wala halihusu kitambaa au nguzo. Katika msafara wenu, nani hapaswi kulala chumba kimoja na nani?

Mwangalieni yule baba wa kwenye tangazo. Ana mke na watoto wawili wadogo, basi. Msafara wa kwetu haufanani na huo. Kuna bibi aliyekuja mjini kupima macho, akaambiwa asirudi Muheza kabla ya sikukuu. Kuna binti wa kidato cha pili na mdogo wake wa kiume wa darasa la saba. Kuna mdogo wa mke anayesoma chuo. Na kuna baba mkwe, mzee wa watu, ambaye miaka yote anasema hataki kufa kabla ya kumwona tembo kwa macho yake. Wote hao mnataka kuwalaza kwenye ukumbi mmoja wa poliesta?

Makabila mengi ya nchi hii yana miiko kati ya mzee na mke wa mwanawe. Kwingine hawalali chini ya paa moja, kwingine hata kula mbele ya mwenzake ni mashaka. Mafundisho ya Kiislamu nayo yanataka watoto watenganishwe malazi wakishafika miaka 10. Na hata katika nyumba isiyoshika sana mila wala dini, binti aliyevunja ungo anahitaji mahali pa kubadilisha nguo bila kuwaomba watu wote watoke nje. Nyumbani mambo haya yametatuliwa na kuta. Mkienda porini kuta zinabaki Tabata, miiko mnasafiri nayo.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili kwa kiasi chao, ndiyo maana mahema mengi makubwa yana pazia la kugawa vyumba. Lakini pazia lenyewe ni jepesi kama kanga iliyochakaa. Linaficha sura tu. Mkoromo, kikohozi na minong'ono ya mtu na mkewe vinapita. Baba mkwe atakesha akijikohoza ili watu wajue yuko macho, na mkamwana atalala na mtandio kichwani akisubiri kupambazuke.

Msimamo wangu basi ni huu: familia ya watu saba au wanane inunue mahema mawili ya wastani, iachane na lile moja kubwa. Heshima peke yake ingetosha kuwa sababu, ila hata ukiiweka kando, hesabu bado inaniunga mkono.

Tuanze na ile namba iliyoandikwa kwenye mfuko. Kiwandani mtu mmoja huhesabiwa kama mkeka wa kulalia, takriban sentimita 60 kwa mita 2, na wote hupangwa bega kwa bega. Hakuna begi wala viatu, na hakuna anayegeuka usingizini. Chukua hema la watu 8 lenye sakafu ya futi 14 kwa 10, kisha tumia kipimo tunachokijua sote, godoro la tano kwa sita. Ukilaza magodoro mawili sambamba yanakula futi 10 kati ya zile 14. Inabaki nafasi ya futi 4 ubavuni na nyingine ya futi 4 miguuni, za kuwekea mabegi na kupita. Magodoro mawili ni watu wazima wanne, au wazazi wawili na watoto watatu waliobanana. Hilo ndilo hema la watu 8.

Kipo kipimo kingine, cha watu wanaolijua hema kuliko sisi wa likizo. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada, vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 ndani ya makazi ya dharura. Hema la familia la UNHCR lina sakafu kuu ya mita 4 kwa 4, ukiacha vibaraza vyake viwili, na limekusudiwa watu watano. Lile letu la futi 14 kwa 10 lina mita za mraba 13 tu, na dukani linaitwa la watu 8. Sisemi mapumziko ya siku tatu yalinganishwe na maisha ya mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, ambaye hakuchagua kuishi ndani ya turubai. Nasema waliolazimika kupima hema kwa maisha ya binadamu walihesabu watano kwenye sakafu kubwa kuliko hiyo. Muuza duka anahesabu wanane kwa sababu halali humo.

Kisha kuna usafiri. Wengi wetu tunasafiri na Noah. Noah ikishajaza watu saba haina buti ya kutajika, na hema moja kubwa likikunjwa ni furushi la kilo 15, 20 au zaidi, refu kuliko nafasi iliyobaki nyuma ya siti. La turubai la pamba, lile la kampuni za utalii, linaweza kufika kilo 40, na likilowa unaita vijana wanne. Mahema mawili madogo unayagawa: moja chini ya siti, jingine juu ya keria pamoja na magodoro. Hata kuyasimamisha ni rahisi. Mtu na mwanawe wanalimaliza dogo kabla chai haijachemka. Lile kubwa linataka watu watatu wa kushika nguzo na mmoja wa kusoma maelekezo, na hapo ndipo ugomvi wa safari huzaliwa.

Upepo nao hauna huruma. Kadiri hema linavyokuwa refu na pana ndivyo linavyokamata upepo, na ndivyo nguzo zinavyopaswa kuwa imara. Mengi ya bei nafuu yanatumia fimbo za faibaglasi, ambazo zikizidiwa hupasuka kwa urefu na kuchana kitambaa. Nguzo ikivunjika saa nane usiku na hema ni moja, familia nzima iko nje. Yakiwa mawili, mnahamia upande wa pili na kubanana hadi asubuhi. Usiku wa namna hiyo hata miiko husamehe.

Baridi pia inafuata ukubwa. Kambi ya Simba, ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, iko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti mtu wa Dar hulala pale na soksi mbili. Hema la kusimama wima, kimo cha mita 2, lina hewa nyingi ambayo joto la miili michache haliwezi kuipasha. Watatu kwenye hema dogo wanapeana joto.

Najua nitajibiwa kwamba mahema mawili ni gharama mara mbili. Ya kununulia, linganisheni kabla ya kuamua: bei ya kubwa zuri, lenye nguzo za alumini au chuma, na bei ya madogo mawili yenye ubora ule ule. Msilinganishe madogo mazuri na kubwa la hovyo. Ya hifadhini haibadiliki, kwa sababu ada ya kambi hutozwa kwa mtu kwa usiku. Mkilala wanane kwenye hema moja au manne, getini mtalipa sawa.

Hoja nzito zaidi ni ya watoto na wanyama, na hii naiheshimu. Kambi za umma za Seronera, kule Pimbi, Nguchiro na Tumbili, hazina uzio. Fisi hupita, na simba hunguruma karibu kuliko unavyopenda. Mama gani atamwacha mtoto wa miaka minne kwenye hema la pili? Hakuna, na asimwache. Familia ya wazazi na watoto wadogo watupu, bila mzee wala kijana, inunue hema moja. Safu ya leo haiwahusu. Waliobaki wayasimamishe mahema karibu karibu, milango ikitazamana, na turubai limetandazwa juu katikati ili pawe na ukumbi wa kukaa jioni. Kinacholinda watu porini ni zipu iliyofungwa na chakula kisicholala ndani, na hayo yanawezekana kwenye hema la ukubwa wowote. Haja ndogo ya usiku, kwa wazee na watoto, ina ndoo yenye mfuniko. Msione haya. Kumtuma bibi chooni peke yake saa tisa usiku kwenye kambi isiyo na uzio ndiyo aibu.

Mkishaamua idadi, ndipo mzungumze kitambaa. Tafuteni tarakimu ya milimita inayoonyesha kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla ya kuvuja. Chini ya 1500 msichukue. Kwa mvua za masika, na Pasaka mara nyingi huangukia humo, tafuteni 3000, sakafu izidi hapo, na mishono iwe imezibwa kwa utepe. Angalieni kitambaa cha nje kinashuka mpaka wapi. Yapo mahema ya kuvutia yaliyovikwa kofia ndogo juu tu, kuta zikiachwa wazi. Hayo ni ya kiangazi. Mvua ya upepo ikija, maji yanaingia kwa ubavu.

Madirisha ya wavu yawe pande mbili zinazotazamana, la sivyo usiku wa Mikumi mtaoga jasho, na pumzi zenu zitageuka matone kwenye dari na kuwadondokea alfajiri. Wavu uwe wa matundu madogo, mbu asipite. Zipu ifungueni na kuifunga mara nyingi mkiwa dukani, muuzaji akinuna anune, kwa sababu ikifa hema limekufa nalo. Vigingi vyembamba vya waya vinavyokuja na mfuko hupinda kwenye udongo mgumu wa Agosti. Mwombeni fundi awakatie vya nondo. Turubai la kutandika chini lisizidi sakafu ya hema, au mkunje kingo zake kwa ndani, maana likichomoza nje linakusanya mvua na kuileta chini ya mgongo wako.

Wanaonunua mtumba wana bahati yao, lakini wanuse kwanza. Harufu ya ukungu haitoki kwa kufua. Kitambaa kilichokaa juani muda mrefu hupoteza nguvu hata kama rangi yake bado inapendeza. Kivute kidogo kwa vidole karibu na mshono, kikilia, rudisha. Mengi ya yaliyotoka Ulaya yalishonwa kwa ajili ya kuzuia baridi, kwa hiyo hesabu madirisha kabla ya kusifu unene.

Na neno moja ambalo halina mzaha. Hema likiwa kubwa huwadanganya watu kwamba ni nyumba, wakaingiza jiko la mkaa ndani ili lipashe joto au lichemshe uji wa mtoto. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje hata likiwa limebakia majivu mekundu tu, hata mvua inyeshe, hata kama hema lina vyumba vitatu.

Hela ya hema la pili ikikosekana, azimeni. Mitaani mwetu kuna mahema yanayokaa stoo mwaka mzima yakisubiri siku nne za Desemba, na wenyewe wangefurahi yaanikwe. Hakuna sababu ya kila nyumba kumiliki jumba la nguo la kulaza ukoo mzima wakati majirani wawili, kila mmoja na hema lake la watu wanne, wanaweza kupokezana. Lisimamisheni uani wiki moja kabla, mlimwagie maji ya mpira, mhesabu nguzo. Mkirudi safari, lianikeni hadi likauke kabisa, kisha mlirudishe na vigingi vyake vyote. Mwakani jirani atakuja kuliazima la kwenu, mpeni.