Unamtukana mtoto au tumbili?

Wiki hii nina lawama kidogo, mnivumilie.

Juzi nilikuwa Kashai, Bukoba, kwa dada yangu. Mwanawe wa darasa la tano karudi shule kimya, chakula hagusi. Kumbe mwalimu kamwambia mbele ya wenzake, "Wewe hutulii, una akili za tumbili!" Jamani, nikakumbuka mbali. Na mimi niliwahi kuitwa hivyo hivyo. Tangu siku ile hesabu ubaoni sikuziona tena, niliona meno ya wenzangu tu.

Kwanza, tumbili kakosa nini? Nimelinda mahindi ya bibi kule Kamachumu, Muleba, shughuli yake naijua. Ukigeuka kupiga soga, keshavunja mawili! Mwaka 1980 watafiti walionyesha kule Amboseli, Kenya, kuwa tumbili ana mlio wa chui, wa tai na wa nyoka, kila mmoja wake. Wa chui, wanaparamia miti. Wa tai, wanatazama juu. Wa nyoka, wanakagua majani. Huyo ndiye asiyetulia?

Tofauti ipo, lakini si hiyo. Mwaka 2018 Mary Ann Raghanti wa Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, na wenzake walitoa matokeo ya kupima kemikali katika ubongo wa binadamu, sokwe, gorila, nyani na kima wengine. Kwenye sehemu moja ya ndani, binadamu alizidi kwa dopamini. Asetilikolini, ambayo wao wanaihusisha na ubabe, kwake ilikuwa chini. Wanaona mchanganyiko huo ndio uliomfanya binadamu awe mwepesi wa kuwasoma wenzake na kuishi nao.

Kwa lugha ya mtaani naona hivi: tumbili anamchunga chui, sisi tunachungana wenyewe kwa wenyewe. Sasa ukimtukana mtoto mbele ya darasa, akili yote inahamia kwenye nyuso za wenzake. Hesabu ataiona saa ngapi?

Jioni ile nilikaa na mpwa wangu, tukafanya sehemu taratibu. Kapata nane kati ya kumi.

Walimu wangu, msinichukie. Mtoto asipotulia mwite pembeni, muulize kama kala, kama kalala, kama ubao anauona. Tumbili mwacheni na mahindi yake.

Haya, tukutane wiki ijayo!