Nyumba ya Mkokotoni Haijachelewa

Katika masomo yetu ya uzamili ya usanifu majengo, Japani haikosekani. Tunaoneshwa hekalu la Ise, linalojengwa upya kila baada ya miaka 20. Ujenzi wa 62 ulikamilika 2013, na matayarisho yake yalianza 2005: miaka minane ya ibada, kukata miti na kuichonga. Darasa zima hustaajabu. Subira hiyo, tunaambiwa, ni sanaa.

Sasa njoo Mkokotoni. Mvuvi kachimba msingi mwaka wa kwanza, kapandisha ukuta mwaka wa tatu, kafunga lenta mwaka wa sita. Bati linangoja msimu wa dagaa. Huyo haitwi msanii. Anaambiwa kujenga kumemshinda.

Mjapani akikawia ni fundi. Mzanzibari akikawia ni fukara. Nakataa.

Wazee wa pwani hii waliijua kazi ya muda. Walichoma matumbawe kwa kuni, wakaizima chokaa kwa maji, wakaiacha ilainike kwa miezi kabla ya kuijengea. Kaskazini ya Mkokotoni, pale Fukuchani, kuta za nyumba ya mawe ya karne ya 16 zingali zimesimama.

Nitajibiwa kuwa saruji si chokaa. Kweli. Nondo zilizoachwa wazi hushika kutu kwa chumvi ya bahari, na ukuta usiopauliwa hunyweshwa mvua kila masika. Lakini kosa hilo si la mvuvi. Ni la ramani aliyouziwa, iliyochorwa kwa ajili ya mtu mwenye fedha zote mkononi: vyumba vitatu, sebule, na paa moja kubwa juu ya vyote. Mpaka kuta zote zifike juu, hakuna pa kulala. Miaka yote hiyo anapanga kwa watu, na kila kodi anayolipa ni bati ambalo hakulinunua.

Nyumba ya miaka 10 inataka ramani ya miaka 10. Mwaka wa kwanza, chumba kimoja na choo, chini ya paa lao wenyewe. Cha pili kiungwe hapo bahari ikitoa. Kila hatua iwe nyumba ya kulala watu. Kuichora si kazi ngumu. Kinachozuia ni kuiona ya kimaskini.

Wasanifu wenzangu, kabla ya kumuuliza mtu wa Mkokotoni atamaliza lini, tumuulize ana kiasi gani cha kuanzia.