Msifukuze akina mama wa mandazi mbele ya shule

Wiki iliyopita nilipita mbele ya shule moja ya msingi hapa magharibi ya Goma, saa ya mapumziko. Mkuu wa shule alikuwa ametoka na fimbo mkononi, anafukuza akina mama wenye kuuza mandazi, bonbon na juisi za rangi za kwenye sashe. Alisema uchafu umezidi na watoto wanaumwa tumbo. Ninamuelewa, maana mji huu unajua kipindupindu. Lakini akina mama walisogea hatua 20 tu, nyuma ya ukuta, karibu na mtaro, na watoto wakawafuata kule kule.

Shule zetu nyingi hazina jiko. Kile kinachouzwa mlangoni ndicho chakula cha shule, tupende tusipende. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa hata chai, saa nne ikifika akiwa na franka 200, atanunua kile anachokuta. Akikuta bonbon, ni bonbon. Sukari inamchangamsha kidogo, kisha analala kwenye dawati, na mwalimu anamwita mvivu. (Mwalimu naye mara nyingi hajakula, tusifichane.)

Kati ya akina mama hao kuna waliotoka Masisi na Rutshuru, ambao kambi zilipobomolewa mwezi wa pili 2025 hawakuweza kurudi kwao. Ni wakulima. Mmoja alinieleza kwamba anajua kupika maharagi kuliko kitu kingine chochote, lakini anauza bonbon juu haziombi makala wala sufuria.

Basi tuwape nafasi ndani ya kiwanja cha shule. Shule itoe kivuli, bidoni ya maji yenye dawa ya klorini, na sabuni. Chakula kifunikwe. Wao nao waache bonbon na juisi za sashe, walete maharagi ya kuchemsha yenye kijiko cha mawese, viazi vitamu, ndizi, karanga, uji wa mahindi na soja. Mawese mekundu yanasaidia macho ya mtoto, maharagi yanamsaidia kuongeza damu. Makala wanunue pamoja, gunia zima, badala ya kila mmoja kununua kidogo kidogo kwa bei kali.

Na sambaza tusizisahau. Zikaushwe, zitwangwe, unga wake uingie kwenye uji. Samaki huyu mwenyewe ni mgeni hapa: alitolewa Tanganyika akaletwa katika ziwa Kivu mwaka 1959, na leo hakuna anayemuuliza kwao ni wapi.

Ugumu uko kwa mtoto ambaye hana hata franka 100. Wako wengi, zaidi sana wa familia zilizohama. Wazazi wengine watasema komite ikusanye pesa ya uji kila wiki. Mimi ninakataa. Tangu 2019 masomo ya msingi yanapaswa kuwa ya bure katika shule za serikali, na tunajua namna ada inavyorudi kwa jina lingine. Leo ni pesa ya uji, kesho mtoto anarudishwa nyumbani juu hakulipa uji.

Afadhali hivi: mama anayepewa nafasi asilipishwe kiti wala ushuru, lakini kila siku atoe vikombe vitatu vya uji bila malipo. Wakiwa akina mama kumi, ni vikombe 30. Mwalimu anajua nani hakula, atume hao watoto kimya kimya, bila kuita majina mbele ya darasa. Vikombe 30 havitoshi shule nzima, hilo ninalijua. Mzazi mwenye shamba akipenda kuongeza kopo la mahindi au la soja, alete, na jina lake lisiandikwe popote.

Msaada wa PAM ukifika siku moja, tutaupokea kwa mikono miwili. Lakini mtihani wa mtoto haungojei gari.

Komite ya wazazi ya shule ile itakaa Jumamosi saa tatu. Nimeuliza kama akina mama wachuuzi wamealikwa, nikajibiwa kwamba kikao ni cha wazazi. Watatu kati yao wana watoto katika shule hiyo hiyo. Nimewapelekea habari mimi mwenyewe.