Wifi Naye Anasoma

Enzi za Redio Tanzania ukitaka kusikika ulituma kadi ya salamu au barua. Mtangazaji akasoma, yakapita hewani, yakaisha. Tangu Facebook ilipofunguliwa kwa kila mtu mwaka 2006, redio na magazeti yamehamia hukohuko kutuuliza: wewe una maoni gani? Na jibu lako linabaki pale, na jina lako, na picha yako ya harusi.

Nina shosti wangu hapa Chuno. Redio moja iliuliza, eti mwanamume akilipwa hela za korosho amwambie mkewe? Akamwaga yote: kiasi alicholipwa mumewe, hadi nyumba ndogo ya Mikindani. Haikupita hata saa moja wifi yake keshayapiga picha maneno yale, kayasambaza WhatsApp. Sasa yuko kwao na watoto wawili.

Jamani, wale wenzetu wako kazini. Mkibishana sana, mtandao unaisukuma habari yao kwa watu wengine zaidi, nao wanapata matangazo. Na ndoa inabishaniwa kuliko bajeti, mnajua wenyewe.

Sisemi mnyamaze. Ugomvi wa bomba la gesi ulipoitikisa Mtwara mwaka 2013, hayo ndiyo ya kuandika kwa jina lako kamili. Ya chumbani watumie ujumbe wa pembeni, waombe wasikutaje. Na kama ulishaandika, yatafute maneno yako uyafute usiku huuhuu, kabla wifi hajaamka.