Waandishi, Pandeni Dungu!

Nina ugomvi na sisi waandishi vijana wa mjini, na leo nautoa hadharani. Tunaandika habari za shamba kama wageni walioshuka uwanja wa ndege jana.

Chukueni nyani. Mzungu akija kuishi Maneromango, kule Kisarawe, akaamka akakuta tumbili juu ya bati, atacheka na kupiga picha awapelekee nduguze. Simlaumu, kwao hawapo. Lakini wewe wa Temeke, mwenye bibi Kisarawe, mbona nyani wa hadithi yako naye kazi yake ni kucheza matawini tu? Eti "wakirukaruka kwa furaha". Furaha ya nani, mshikaji?

Mimi nimekulia Maneromango. Kwetu kuna kazi inaitwa kuamia. Mahindi yakishabeba, mtu anapanda dunguni alfajiri, na kombeo lake na debe bovu la kupiga kelele, mpaka jua lizame. Nyani hana Jumapili. Tena anajua kupima watu: mwanamume mwenye mbwa atamkimbia, mtoto atamtazama tu, huku anavunja mahindi. Mihogo anang'oa, anaonja, anatupa. Na mtoto aliyeko dunguni hayuko darasani. Hapo ndipo hadithi ilipo, jamani, si matawini!

Mwaka 2011 serikali ilitunga kanuni za kifuta jasho kwa hasara za wanyama wakali, akina tembo, simba na kiboko. Aliyemalizwa na nyani akamlilie nani? Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Msidhani ni shida ya Uzaramo peke yake. Japani, nchi ya viwanda, watalii wanajazana Jigokudani kupiga picha nyani wakioga maji ya moto. Vijiji vingine vya nchi hiyohiyo, nyani wanashuka milimani kula mboga na matunda ya wazee, maana vijana wamehamia mijini na wa kuwafukuza hakuna. Mnaona? Kijana akiondoka, nyani anasogea. Sisi tulioondoka tumo ndani ya kisa hiki, tupende tusipende.

Na mkaa je? Misitu ya Kisarawe, Pugu na Kazimzumbwi ikiwemo, imekatwa miaka na miaka ili Dar es Salaam ipike. Mnyama aliyekatiwa msitu wake aende wapi, kama si shambani kwa bibi yako? Kwa hiyo simwambii mtu amchukie nyani. Nasema tumwandike kwa ukweli: mwizi, sawa, lakini naye kaibiwa.

Najua atatokea wa kusema, "Fasihi si idara ya kilimo." Vizuri. Basi tuanze na lugha, si ndiyo kazi yetu? Mbega, kima, tumbili, ngedere, komba: mzee wa kijijini anawatofautisha kwa sauti tu, kabla hajawaona. Mwandishi wa mjini wote kwake ni "nyani", na hilo nalo analitumia zaidi kama tusi. Lugha inatufia mikononi halafu tunajiita wasanii wa maneno.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi katika nchi yetu tumeshapitisha siku ya tatu zamani. Likizo ijayo nenda kijijini, panda dunguni kutwa moja, kisha ndipo uandike.