Kazi ya mama nyumbani ni mchango katika mali

Msimu wa kuuza mahindi ukifika Songea, nyumba nyingi hurudia mazungumzo yale yale: mbolea ilinunuliwa na nani, magunia yauzwe lini, fedha ziende wapi. Mara nyingi mama aliyepalilia akiwa na mtoto mgongoni huisikia bei baada ya mzigo kuondoka. Shamba huitwa la baba, nyumba huitwa ya baba, na wengi huamini kuwa hata sheria inasema hivyo.

Sheria haisemi hivyo, na wapo wanawake waliohangaika mahakamani mpaka jambo hilo likaeleweka.

Wa kwanza ni Bi Hawa Mohamed. Baada ya kuachana na mumewe, Ally Sefu, alidai sehemu ya mali. Swali likawa: mke asiye na mshahara, anayepika, kufua na kulea, amechangia nini? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao, kwa kuwa mahakama iliona alikwishapewa fedha za mradi na mumewe akazitapanya. Hata hivyo, msimamo uliowekwa katika kesi yake umewasaidia wanawake wengi waliomfuata.

Wa pili ni Holaria Pastory wa Kagera. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia, naye akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akapinga, akisema kwa mila ya Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki ya usawa iliyomo kwenye Katiba. Uuzaji ukabaki halali. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikatamka wazi kuwa haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Safari hii haikuanzia kwetu peke yetu. Wanawake wa Marekani walipokutana Seneca Falls mwaka 1848 kudai usawa, mojawapo ya malalamiko yao ni kwamba mke akiolewa hupoteza haki ya mali, hata ujira wake. Kura waliipata kikatiba mwaka 1920, miaka 72 baadaye.

Kwa nini mzazi ajali? Homa ya mtoto haisubiri baba arudi kutoka mnadani. Mama asiye na kauli juu ya fedha humfikisha mtoto zahanati akiwa amechelewa. Na baba akifariki bila maandishi, watoto ndio wa kwanza kuondolewa kwenye nyumba.

Yapo mambo ambayo wazazi wanaweza kuyafanya wakiwa bado wanaelewana. Mnapoomba hatimiliki ya kimila kijijini, andikisheni majina yote mawili. Mali yenye majina ya mume na mke huchukuliwa kuwa ni yao kwa usawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Cheti cha ndoa kitunzwe mahali ambapo wote wawili wanapajua. Wosia uandikwe mbele ya mashahidi. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

Penye mgogoro, wasaidizi wa kisheria hutoa ushauri bila malipo, na baraza la usuluhishi hupatikana kwenye kata.

Baba anayeandika jina la mkewe kwenye hati hapungukiwi kitu. Anawawekea wanawe paa ambalo shemeji au mjomba hataweza kuliezua.