Mchezo wa ubao wa theluji ulivyopata dhahabu na kupoteza uhuru

WAKENYA wengi huikumbuka Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyoandaliwa Nagano, Japani, mwaka wa 1998 kutokana na Philip Boit. Alimaliza wa mwisho katika mbio za skii za kilomita 10, huku mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akimsubiri utepeni ili amkumbatie.

Siku chache kabla ya hapo, Nagano ilikuwa imeandikisha historia nyingine. Mchezo wa kuteleza thelujini kwa ubao mmoja ulishindaniwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, nyuma ya sherehe hizo kulikuwa na mzozo mkali: nani hasa mwenye mchezo huo?

Mchezo wenyewe ulianza kama burudani ya watoto. Siku ya Krismasi mwaka wa 1965, Sherman Poppen, mkazi wa Muskegon katika jimbo la Michigan, Marekani, aliunganisha skii mbili ili binti zake wateleze wakiwa wamesimama. Mkewe aliupa ubao huo jina la Snurfer, na kampuni ya Brunswick ikauuza kama kitu cha kuchezea.

Miongoni mwa vijana walioupenda alikuwa Jake Burton Carpenter. Mnamo 1977 alianzisha kampuni yake katika jimbo la Vermont na kuuboresha ubao kwa vishikizo vya kufungia miguu. Naye Tom Sims wa California aliupa mchezo huo mitindo ya ubao wa magurudumu.

Vituo vingi vya skii viliwafungia vijana hao milango. Wamiliki walihofia ajali na gharama za bima, na wateja wao wa zamani waliwaona vijana hao kuwa wahuni. Stratton, jimboni Vermont, kilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kwanza kuwakubali, mnamo 1983. Vingine vilifuata vilipotambua kwamba fedha za vijana zilikuwa zikivipita.

Pesa zilipodhihirika, wakubwa nao wakaja. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikabidhi usimamizi wa mchezo huo kwa shirikisho la skii duniani, FIS, na kulipuuza shirikisho la wachezaji wenyewe, ISF. Terje Haakonsen wa Norway, aliyehesabiwa kuwa bora zaidi duniani, alisusia Nagano kwa sababu hiyo. Lakini mwenye nguvu mpishe: ISF ilisambaratika mnamo 2002.

Mgala muue na haki umpe. Ni Olimpiki iliyomfanya Shaun White wa Marekani, mshindi wa dhahabu tatu, kujulikana duniani kote. Mnamo 2018 huko Pyeongchang, Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech alishinda dhahabu kwa skii na kwa ubao katika michezo hiyo hiyo, na kuthibitisha kwamba uadui wa kambi hizo mbili haukutokana na theluji.

Isitoshe, mnamo 2022 FIS iliongeza neno ubao wa theluji katika jina lake rasmi. Wachezaji wametambuliwa, ila usukani ungali mikononi mwa shirikisho ambalo Haakonsen alilikataa.